Laptopu Mpya Ilipozimika, Tukamshuku Mtoto



Ndugu zetu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio mnaolihifadhi jarida hili hadi litokapo jingine, leo tumekuja na jambo lililotupata nyumbani mwetu. Tulisita kuliandika, kwa kuwa ndani yake mwenye makosa ni mwandishi. Lakini desturi ya ukurasa huu ni kuzungumza yanayozisibu nyumba zetu, na haitakuwa insafu kuyasimulia ya nyumba za watu kisha tukayafungia mlango ya kwetu.

Mwezi wa Shawwal tulimnunulia binti yetu laptopu. Alikuwa ameanza masomo ya biashara, na nusu ya darasa zake huzipata kwa njia ya intaneti. Bei ilikuwa shilingi 52,000. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwetu peke yetu. Sehemu kubwa ilikuwa ni zamu ya mama yake katika mchezo wa akina mama wa mtaani, na kila shilingi aliyoitia katika mchezo ule ilitoka katika karai la mahamri linalowekwa motoni kabla ya adhana ya alfajiri. Tunalitaja hili ili msomaji aujue uzito wa chombo kile siku kilipowekwa juu ya meza yetu.

Siku ya tatu mashine ilizimika. Kioo kiligeuka bluu, pakatokea alama ya uso wenye huzuni na maneno machache ya Kiingereza, kisha ikajiwasha upya yenyewe kana kwamba hapakutokea jambo. Kesho yake ikafanya vivyo hivyo mara mbili. Ijumaa haikuzimika hata mara moja, tukasema alhamdulillah, yamekwisha. Jumamosi ikazimika mara tatu, na moja kati ya hizo binti alikuwa katikati ya mtihani mdogo wa mwalimu wake. Yote aliyokuwa ameyaandika yakapotea.

Hapa ndipo tulipokosea. Hatukuuliza mashine ina nini. Tuliuliza mtoto amefanya nini. Tukamwambia, "Umetia nini humu?" Akajibu, "Baba, wallahi sikutia kitu ila programu ya darasa." Hatukumsadiki. Tukamkataza kuipeleka chumbani kwake, na usiku tukawa tukiifungia kabatini pamoja na vitabu vyetu, ufunguo ukilala chini ya mto. Nduguye mdogo alipomtania kuwa ndiye aliyeiua mashine ya mama, hatukumkemea. Mama yao alijaribu kututuliza. Alisema, "Maalim, mtoto huyu si umemlea mwenyewe?" Tukamjibu kuwa watoto wa zama hizi hawajulikani.

Hali ikaendelea hivyo kwa majuma manne. Mwanzoni, kila ilipozimika, binti alikuwa akija kutuarifu kwa sauti ya chini, mfano wa mtu anayekiri kosa. Baadaye akaacha kutuarifu.

Usiku mmoja wa Jumatano tuliitoa mashine ile kabatini ili tuandike ukurasa huu. Nyumba ilikuwa imelala. Hapakuwa na programu iliyofunguliwa ila ya kuandikia, intaneti ilikuwa imezimwa, na binti alikuwa chumbani kwake usingizini. Tulipofika aya ya tano, kioo kikageuka bluu, na aya zote tano zikaenda. Tulikaa pale tukiutazama uso ule wenye huzuni, na kwa kitambo hatukupata la kusema. Yale tuliyokuwa tukiyakana kwa mwezi mzima, tumeyashuhudia kwa macho yetu.

Asubuhi tulimwita binti, tukamuuliza kwa upole ni mara ngapi imetokea. Hakujibu kwa mdomo. Alikwenda akaleta daftari. Humo alikuwa ameandika kila tukio: tarehe, saa, alikuwa amefungua nini, chaja ilikuwa imechomekwa au la, na yale maneno ya Kiingereza yanayotokea chini ya kioo. Yalikuwa matukio 23. Mengine alikuwa ameyapiga picha kwa simu ya mama yake. Tukamuuliza kwa nini hakutuonyesha tangu mwanzo. Akasema, "Nilikuwa nikingojea uniulize, Baba."

Neno hilo halijatutoka moyoni hadi leo.

Tuliichukua mashine pamoja na daftari tukaenda kwa kijana mmoja aliyesoma kwetu madrasa, ambaye sasa ni fundi wa tarakilishi. Alivyoliendea jambo lile kwa utaratibu, tuliona haya, maana utaratibu ule ndio tunaowafunza wanafunzi katika milango ya ushahidi.

Kwanza aliuliza, "Maalim, imeanza tangu iliponunuliwa, au baada ya kuongezwa kitu?" Tulitaka kujibu kwa dhana, lakini daftari likajibu kwa tarehe: tukio la kwanza lilikuwa Jumatatu, na programu ya darasa iliwekwa Alhamisi. Programu ile ilikuwa haijaingia mashine ilipoanza kuzimika.

Pili aliangalia joto. Alitueleza kuwa laptopu huvuta hewa kwa matundu yaliyo chini na pembeni, na kwamba hapa kwetu pwani watu wengi huiweka juu ya godoro au mto, matundu yakazibwa, mashine ikapata moto ikazimika. Lakini daftari lilionyesha kuwa yetu ilizimika pia alfajiri, ikiwa juu ya meza, imewashwa punde tu.

Tatu alifungua kumbukumbu za mashine yenyewe. Wengi wetu hatukujua kuwa Windows huandika kila ajali inayoipata. Alitafuta mahali paitwapo Reliability Monitor, pakatokea jedwali la siku na alama nyekundu. Akaliweka daftari kando ya kioo, akalinganisha mstari kwa mstari. Daftari la mashine na daftari la mtoto yakaafikiana. Akatuonyesha jambo jingine: sababu iliyoandikwa ilikuwa ikibadilika karibu kila mara. Akasema kuwa ingekuwa ni programu moja mbovu, aghalabu jina lake lingejirudia. Sababu zinapotangatanga namna ile, fundi huanza kuishuku kumbukumbu ya muda, ile waiitayo RAM.

Nne akaipima. Alichomeka fleshi yenye programu ya kupimia iitwayo MemTest86, akaiwasha mashine kwa hiyo, akaiacha ifanye kazi. Tulimwachia baada ya adhuhuri. Tuliporudi baada ya magharibi, kioo kilikuwa kimejaa mistari ya makosa.

Tulimwomba atueleze kwa lugha yetu. Akasema, "Maalim, unaukumbuka ule ubao wa madrasa, uliokuwa umechakaa pembeni? Mtoto akiandika sini, wino ukatawanyika, akirudi kuisoma anaiona shini." RAM, alisema, ni ubao ambao mashine huandikia kazi iliyo mikononi mwake wakati huo. Ubao wetu ulikuwa na mahali pabovu. Mashine ikiandika herufi pale, huirudia ikaikuta nyingine. Inapotambua kuwa haiwezi tena kuyaamini maandishi yake, husimama ili isije ikayaharibu na yale yaliyohifadhiwa. Kile kioo cha bluu ndiko kusimama kwenyewe. Na siku nyingine haizimiki kwa sababu kazi ya siku hiyo haikupita mahali pabovu. Hakuna alilolifanya binti yetu ambalo lingeweza kusababisha hayo, na hakuna ambalo angeweza kulizuia.

Hakuifungua. Alisema kuwa sisi tukiifungua, muuzaji atadai tumeiharibu sisi. Akatushauri twende dukani siku ileile.

Dukani tulipokewa na kijana wa kaunta. Hata kabla hatujamaliza maelezo, alituuliza kama nyumbani kuna watoto, kisha akasema kuwa hivyo ni virusi vya watoto. Tulisikia neno letu wenyewe likitoka katika kinywa cha mtu mwingine. Akatuonyesha na maandishi chini ya risiti: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Tulitoa daftari, picha, na natija ya kipimo. Kijana akamwita mwenye duka. Mwenye duka alisoma kwa makini, akageuza kurasa moja baada ya moja, kisha akatuuliza swali lililotushinda: "Shekhe, mbona hukuja siku ya kwanza?"

Tulimwambia kweli. Tulisema tulikuwa tukimshuku mtoto.

Hapa inatupasa kusimama kidogo kwa faida ya kielimu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu pwani tuliyolelewa nayo, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa kitu, ana khiyari: akirudishe apewe bei yake, au abaki nacho. Huitwa khiyari ya aibu, na aibu hapo ni kasoro inayopunguza thamani ya kitu au inayoondoa manufaa ya kweli yaliyokusudiwa. Lakini haki hiyo ina masharti. Mwenye kuijua kasoro aharakishe kurudisha, asicheleweshe pasi na udhuru. Wala asiendelee kukitumia kitu baada ya kuijua, kwa kuwa kutumia ni dalili ya kuridhika. Mlango huu tumeusomesha miaka mingi kwa mifano ya ng'ombe na vitambaa. Ilipoingia kasoro nyumbani mwetu kwa sura ya laptopu, hatukuitambua. Kwa mwezi mzima tulimhimiza binti astahimili, na kumbe subira ile ilikuwa ikiila haki ya mama yake. Subira ni kwa lile usiloweza kuliondoa. Ama kasoro ya kitu ulichokinunua, hiyo ina mlango wake, na mlango huo hufungwa kwa kuchelewa.

Na yale maandishi ya risiti? Wanazuoni wa madhehebu yetu wamelizungumza sharti la muuzaji kujitoa katika dhima ya kila kasoro. Kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo halimwepushi, ila kwa kasoro iliyofichika ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Laptopu si mnyama. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mtu akidhulumiwa kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambako mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Hatukuhitaji kufika huko. Kwa insafu lazima tuseme kuwa mwenye duka hakuwa mghushi. Sanduku lilimfikia likiwa limefungwa, na kasoro ile hata yeye hakuijua. Alimpa fundi wake mashine aipime upya, na baada ya siku mbili akatupa nyingine badala yake. Tulimshukuru, maana alikuwa na nafasi ya kutusumbua kwa kuchelewa kwetu, na hakuitumia. Wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu wanajua kisa kilichopokewa katika Sahihi Muslim, cha Mtume swalla Llahu alayhi wasallam kutia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji umefichwa chini, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Ikiwa rundo la nafaka lina hukumu hiyo, sembuse laptopu iliyotumika ng'ambo, ikasafishwa, ikawekwa katika sanduku jipya na kuuzwa kwa jina la mpya.

Sasa tuwape nasaha zetu wazazi, hasa akina mama ambao fedha za mchezo ndizo zinazonunua vyombo hivi.

Mnapokwenda dukani, ulizeni waziwazi: ni mpya, au imetumika? Jibu liandikwe juu ya risiti. Ulizeni pia muda wa waranti na siku ngapi mnaruhusiwa kurudisha. Muuzaji mwema hachukizwi na maswali haya.

Mkifika nyumbani, msiitunze kama chombo cha kabatini. Siku za mwanzo ifanyisheni kazi nyingi, iwashwe kwa saa nyingi, ili kama ina kasoro ijitokeze haki yenu ikiwa bado mbichi. Sanduku na risiti msitupe. Iwekwe juu ya meza au ubao mgumu, isiwekwe juu ya kitanda.

Ikizimika, msikimbilie kuongeza programu za kutibu, kwani huko ni kuchanganya ushahidi. Pigeni picha kioo, andikeni tarehe, saa na kilichokuwa kimefunguliwa. Masasisho ya Windows yaliyosubiri yamalizwe, kwa sababu wakati mwingine ugonjwa huwa ni wa programu na dawa yake iko humo. Ikiendelea, irudisheni dukani mara moja, na msiruhusu mtu kuifungua kabla ya hapo.

Kazi ya mtoto ihifadhiwe mahali pawili, ndani ya mashine na nje yake, ikiwa ni katika fleshi au katika hifadhi ya intaneti. Mashine hurudishwa dukani, lakini mtihani uliopotea haurudishwi na yeyote.

Tena kuna jambo la sitara. Laptopu za nyumbani mwetu huwa na picha za harusi, za akina mama na mabinti wakiwa bila buibui. Kabla ya kumkabidhi fundi, zihamisheni picha hizo kisha zifuteni ndani ya mashine, na msitoe neno la siri bila haja. Kipimo kile cha RAM tulichokieleza huwashwa kwa fleshi kabla Windows haijaamka, wala hakihitaji neno la siri. Fundi mwaminifu atawaeleza hivyo yeye mwenyewe.

Na la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha kuthibitisha habari na imetukataza kufuata dhana, nasi huisoma tukidhani inawahusu watu wa masokoni na wa siasa. Inamhusu pia baba aliyeketi kitini kwake jioni, na binti aliyesimama mbele yake. Mtoto akishukiwa bila bayana hujifunza mawili: kwamba kusema kweli hakumfai, na kwamba nyumbani kwao si mahali pa kupeleka shida. Siku atakapopatwa na jambo kubwa kuliko laptopu, atanyamaza. Binti yetu alikuwa amekwisha kuanza kunyamaza.

Tulimwomba radhi. Tulimwita barazani mbele ya mama yake na nduguye mdogo, kwa kuwa shutuma ilikuwa mbele yao, na haikuwa haki kuifuta kwa siri. Tulimwambia kuwa tulimdhulumu, kwamba daftari lake ndilo lililoiokoa fedha ya mama yake, na kwamba tangu siku hiyo tutauliza kabla ya kuhukumu. Nduguye akaomba radhi naye, akiwa anatazama chini.

Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesamehe, Baba. Lakini ufunguo wa kabati akae nao Mama."

Na ufunguo, hadi tunapoandika haya, uko kwa mama yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuthibitisha kabla ya ndimi za kushutumu, azibariki biashara za wakweli, na awatilie nuru watoto wetu katika elimu zao.